Korongo, Pango na Mzimu: Kiswahili Mbele ya Michoro ya Miambani ya Kondoa

1.0 Utangulizi

Mlali ni kata ya Wilaya ya Kongwa, mashariki mwa Mkoa wa Dodoma, katika upande ambao nyanda kavu za Ugogo zinapakana na milima ya Ukaguru. Lugha za wenyeji ni Kigogo na Kikaguru. Kiswahili ni lugha ya soko, shule, ofisi na ibada. Katika Kiswahili cha nyanda hizo liko neno moja ambalo mgeni kutoka pwani hulisikia mara nyingi kuliko alivyozoea, nalo ni korongo. Mbuzi hupotelea korongoni, shamba huliwa na korongo, gari hukwama kwenye korongo, na mtoto huonywa asichezee humo wingu linapoonekana milimani, kwa sababu maji huja kwa ghafula hata pale ambapo mvua haijanyesha. Neno ambalo kwa mtu wa Unguja ni la kitabuni, kwa mtu wa Mlali ni la kila siku.

Mhadhara huu unalifuata neno hilo pamoja na wenzake wachache, yaani pango, mchoro na mzimu, kutoka Mlali kuelekea kaskazini-magharibi mpaka Kolo katika Wilaya ya Kondoa. Mkoa ni uleule wa Dodoma, na makorongo hayaishi njiani. Bali huko vilimani Irangi humfikisha msafiri kwenye mojawapo ya hazina kubwa za michoro ya kale barani Afrika. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia mpaka sasa kueleza mahali hapo yanaeleza kinachoonekana juu ya mwamba, lakini yanamficha mtu anayekwenda hapo kuomba mvua. Ufichaji huo si jambo la wanaisimu peke yao. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria za Tanzania, na neno litakaloteuliwa na mfasiri leo ndilo litakaloamua kesho nani apite na nani azuiwe.

2.0 Korongo

Kiswahili kina maneno matatu yenye umbo la korongo. La kwanza ni ndege mwenye miguu mirefu. La pili ni mnyama wa porini, ndugu wa palahala. La tatu ni ufa mrefu wa ardhi uliochimbwa na maji. Umbo ni moja, lakini sarufi haichanganyikiwi: korongo huyu ameruka, korongo hili limepanuka. Wawili wa kwanza huchukua upatanisho wa viumbe hai, na wa tatu hukaa katika ngeli ya LI-YA na wingi wake ni makorongo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza mfano huu kama kielelezo cha homonimia, kisha akausahau. Ingefaa asiusahau, kwa kuwa korongo la tatu lina historia ambayo maneno machache ya Kiswahili yanaweza kujivunia.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale lililoitwa Zinjanthropus huko Olduvai, jina ambalo lenyewe ni upotoshaji wa neno la Kimaasai la mkonge mwitu, Oldupai. Pahali alipolipata panajulikana katika vitabu vya dunia nzima kwa herufi tatu, FLK. Herufi ya tatu ni neno la Kiswahili: Frida Leakey Korongo. Vivyo hivyo BK ni Bell’s Korongo, MNK ni Mary Nicol Korongo, na HWK ni Henrietta Wilfrida Korongo. Watafiti waliyapa matawi ya bonde hilo majina ya jamaa na marafiki zao, lakini walipotafuta neno la kutaja ufa wenyewe waliona lugha yao haina la kufaa zaidi ya lile walilokuwa wakiambiwa na watu waliofanya nao kazi. Wanafunzi wa Marekani na Ufaransa huandika K hiyo kila siku bila kujua kwamba wanaandika Kiswahili. Hilo ni jambo la kufurahisha, ingawa si la kuringia sana, kwa sababu majina hayo manne yaliyotangulia K ni ya wageni.

Kwa nini basi neno lenye safari ndefu hivyo linaonekana la pembeni katika Kiswahili sanifu? Jibu liko katika chanzo cha usanifishaji. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 ilijengea juu ya Kiunguja, na Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, kisicho na mlima wa kutajika wala mto wa mchanga. Msamiati wake wa bahari ni tajiri kupita kiasi: mkondo, kilindi, fungu, bamvua, maji mafu. Msamiati wake wa nchi ya miteremko ni mwembamba. Hata neno mwamba, ambalo leo linabeba michoro ya Kondoa, pwani ni la nahodha kabla ya kuwa la mpanda milima. Chombo kikipanda mwamba kimeharibikiwa. Kiswahili kilipoingia bara kilikuta mandhari ambayo hakikuwa na majina yake, kikachukua yale machache kiliyokuwa nayo na kuyatanua. Bonde, ambalo kwa mkulima wa pwani ni shamba la mpunga lenye maji, likatanuliwa mpaka likawa Bonde la Ufa. Korongo nalo likabebeshwa kila kitu, kuanzia mfereji uliochimbwa na mvua za mwaka mmoja hadi genge ambalo mtu hawezi kuliteremka bila kamba.

Vilima vya Irangi vinaonyesha uzito wa mzigo huo. Mmomonyoko wa udongo katika eneo la Kondoa, hasa kuzunguka Haubi, ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa ufupisho wa HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Ng’ombe walihamishwa, familia zikatengana na mali zao, na uoto ukaanza kurudi katika miteremko. Kwa wakazi wa huko korongo si mandhari ya kupigwa picha. Ni mahali ambapo palikuwa na shamba la baba, na ni sababu iliyotajwa ng’ombe walipochukuliwa. Mtalii anayeandika katika daftari la wageni kwamba makorongo ya Kondoa yanapendeza hasemi uongo. Anatumia tu neno lililokwisha kulipiwa na wengine.

3.0 Pango, uvungu au upenu

Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Babati. Hapo pana ofisi ya mambo ya kale, na hapo ndipo mgeni hupata mwongozaji. Njia ya kwenda kwenye michoro huelekea mashariki, huvuka mto wa mchanga ambao kwa miezi mingi hauna maji, na mwisho wake ni mteremko mkali wa kupandwa kwa miguu. Msafiri aliyeambiwa kwamba anakwenda kuona mapango hubeba kurunzi. Akifika hana kazi nayo. Michoro imekaa mahali peupe, juu ya kuta za mawe makubwa yaliyochomoza, ikitazama bonde na anga. Jua la asubuhi au la jioni huifikia.

Neno pango ndilo lililomdanganya. Pwani, pango ni tundu linaloingia chini ya ardhi. Mapango ya Amboni huko Tanga ni ya namna hiyo, na Kuumbi kule Jambiani vilevile: mtu hushuka, mwanga hupungua, hewa hubadilika. Michoro mashuhuri ya Lascaux nchini Ufaransa, iliyogunduliwa mwaka 1940, imo ndani ya pango la aina hiyo, gizani kabisa. Kondoa ni kinyume chake. Maandishi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lililoiingiza Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, yanaeleza kuta za mawe yaliyoning’inia, yaliyovunjwavunjwa na nyufa za Bonde la Ufa. Eneo lililoorodheshwa lina kilometa za mraba 2,336, na sehemu zenye michoro ni zaidi ya 150. Hakuna hata moja inayohitaji kurunzi kwa sababu ya kina chake.

Kuna maneno mawili mengine ambayo Kiswahili kinayo tayari. Uvungu ni nafasi iliyo chini ya kitu kilichoinuka, kama uvungu wa kitanda. Upenu ni ile sehemu ya nje ya nyumba inayofunikwa na ukingo wa paa, mahali pa kukaa mvua ikinyesha na mahali pa kuzungumzia na mgeni asiyestahili kuingizwa ndani. Uvungu una sura ya kufichama na uchafu kidogo. Mtoto huingia uvunguni akiogopa bakora. Upenu unafaa zaidi. Mtu aliye upenuni hayumo ndani wala hayuko nje kabisa, yumo katika himaya ya mwenye nyumba. Kusema upenu wa mwamba, wingi penu za miamba, ni kueleza umbo la mahali kwa usahihi, na pia ni kudokeza kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Neno pango litaendelea kutumika, kwa kuwa watu wamelizoea na mazoea ndiyo mwamuzi wa mwisho katika lugha. Lakini katika maandishi ya kitaalamu hakuna udhuru wa kuendelea kuita pango kitu ambacho si pango.

4.0 Jina la mahali

Sehemu inayotembelewa zaidi inajulikana kwa watafiti kama B1, B2 na B3. Jina lake kwa wenyeji ni Mungumi wa Kolo, ambalo waandishi wengine wanaliandika Mungomi au Mongomi. Tofauti za irabu zinatokana na masikio ya waandishi, na pia na ukweli kwamba Kirangi kina irabu nyingi kuliko tano za Kiswahili, kwa hiyo alfabeti ya Kiswahili haiwezi kuzitenganisha zote. Kinachovutia zaidi ni kiungo. Jina halisemi la Kolo, kama lingelikuwa pango, wala pa Kolo, kama lingelikuwa pahali. Linasema wa Kolo. Upatanisho huo ni wa ngeli ya kwanza au ya tatu, yaani ngeli ya watu, au ile ngeli ambayo katika lugha nyingi za Kibantu ina miti, mito, na mambo yenye nguvu ya uhai. Msemaji wa Kiswahili hulipita jina hilo bila kusita, kwa kuwa wa ni kiungo chake pia. Akitulia ataona kwamba sarufi imehifadhi kile ambacho namba ya B2 haiwezi kukihifadhi: wenyeji hawakulipa jina lile jiwe lililowazi kama shimo.

Hapa inafaa kutahadharisha juu ya ufanano mwingine. Wenyeji wa Kondoa wanaitwa Warangi kwa Kiswahili, na mji wenyewe katika maandishi ya zamani ni Kondoa Irangi. Mgeni anayeona kuta zilizojaa rangi nyekundu na nyeupe hushawishika kuunganisha mambo mawili: nchi ya Warangi, nchi ya rangi. Ni hadithi nzuri na si kweli. Rangi kwa maana ya kinachopakwa ni neno la asili ya Kiajemi, lililofika kwa njia ya bahari. Jina la watu ni la Kibantu, na wenyewe hulitamka kwa l, Valaangi, na lugha yao Kilaangi. Maneno mawili yametoka pande mbili za dunia yakakutana katika tahajia ya Kiswahili. Mwalimu wa isimu angeweza kutafuta mfano bora wa etimolojia ya mitaani asiupate.

Kirangi hakiko peke yake. Kondoa na jirani zake ni mahali pa nadra ambapo makundi manne ya lugha za Afrika yanakutana: lugha za Kibantu kama Kirangi na Kigogo, za Kikushi kama Kiburunge na Kialagwa, za Kinailoti kama Kimaasai na Kidatoga, na Kisandawe chenye sauti za kidoko. Kila moja kati ya hizo ina maneno yake kuhusu miamba hiyo, na kila moja ina wazee wanaojua kwa nini mtu huenda huko. Kiswahili ndicho lugha pekee inayowaunganisha wote, na kwa hiyo ndicho lugha yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuwafuta.

5.0 Kuchora, kushikwa, kutekwa

Michoro ya Kondoa kwa kawaida hugawanywa katika makundi mawili makubwa. Ile myekundu, iliyochorwa kwa udongo wenye kutu ya chuma, inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa chakula cha porini: watu warefu wembamba, wengine wenye nywele zilizotengenezwa kwa namna za ajabu, pamoja na twiga, tembo, pofu na wanyama wengine. Ile myeupe ni ya baadaye, imepakwa kwa kidole, minene, na inahusishwa na wakulima wasemao Kibantu. Katika sehemu kama Pahi inaonekana kwa wingi, na mara nyingine imepakwa juu ya ile myekundu. UNESCO inakadiria kwamba kuta hizo zimetumiwa kwa miaka isiyopungua elfu mbili. Watu wamekaa chini ya miamba hiyo muda mrefu zaidi. Huko Kisese, ambako Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Umri huo ni wa shanga, si wa michoro, na haifai kuuhamisha.

Mary Leakey, yuleyule wa korongo la Olduvai, alikaa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro kwa mkono, na nakala zake zilichapishwa katika kitabu mwaka 1983. Kazi hiyo ni ya thamani isiyokadirika, kwa sababu baadhi ya alichokinakili sasa kimefifia. Kati ya michoro aliyoinakili Kolo, mmoja umepata umaarufu kuliko yote. Unaonyesha kundi la watu wembamba watano. Wa katikati ameshikwa mikono na wenzake kutoka pande mbili. Leakey aliona kwamba huyo ni mwanamke anayetekwa, upande mmoja wakimvuta na upande wa pili wakimzuia, na maelezo hayo ndiyo yaliyoenea. Wataalamu wa baadaye, wakilinganisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe na michoro ya kusini mwa Afrika, walitilia shaka. Kwao, huenda aliye katikati hatekwi na yeyote. Amepagawa, na wenzake wanamtegemeza asianguke.

Ugomvi huu unaonekana kuwa wa akiolojia, lakini nusu yake ni ya kitenzi. Mchoro hauna kitenzi. Una mikono, miili na pengo kati ya mtu na mtu. Anayeueleza hana budi kuchagua, na Kiswahili kinamlazimisha kuchagua hata kauli. Akisema wanamvuta, amekwisha kutoa watendaji na mtendwa. Akisema wanavutana, amewafanya wote kuwa watendaji, kana kwamba ni mchezo. Akisema anatekwa, ameleta jinai. Akisema amepandisha, ameleta mizimu. Akisema anashikwa mikono, amesema kile ambacho jicho linakiona na kunyamaza. Mnyambuliko wa vitenzi, ambao wanafunzi huuona kama orodha ya viambishi ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, hapa ndio unaobeba hukumu yote. Mwongozaji kijana aliyefunzwa kwa vitabu vya Kiingereza husema anatekwa kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema. Hana kosa. Lakini wageni wanaomsikiliza, wakiwamo watoto wa shule za Kondoa, wanaondoka wakiamini kwamba mababu zao, au waliowatangulia mababu zao, waliandika juu ya jiwe habari za unyang’anyi wa mwanamke.

Ingekuwa busara watoto hao wakafundishwa kwanza kusema anashikwa mikono, kisha wakaulizwa: na nani, na kwa nini?

6.0 Mzimu na sheria

Lipo shina la Kibantu ambalo Kiswahili kimelitawanya katika ngeli kadhaa kwa namna isiyo ya kawaida. Mzimu, wingi mizimu, ni roho ya aliyekufa na pia mahali inapoombwa. Neno hilo limo katika ngeli ya U-I pamoja na mti na moto, si katika ngeli ya watu. Zimwi, linalohusishwa na shina hilohilo, limo katika ngeli ya LI-YA, ngeli inayopenda ukubwa na kutisha. Wazimu ni hali ya mtu aliyepotewa na akili. Na kuzimu, kwa kiambishi cha mahali ku-, ni huko chini walikokwenda wafu. Pwani, mizimu imekaa mapangoni tangu zamani, na watu hupeleka ubani, vitambaa na chakula. Kwa hiyo mtu wa pwani anayefika Kolo hahitaji kuelezwa kwa nini mtu apeleke mbuzi kwenye mwamba. Anahitaji tu kuambiwa kwamba ndivyo ilivyo.

Na ndivyo ilivyo. Mungumi wa Kolo ni mahali pa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Waganga huweka dawa zao hapo zipate nguvu, mbuzi huchinjwa, na pombe ya nafaka hunyunyizwa, mara nyingine juu ya ukuta wenye michoro. Kwa mhifadhi, pombe hiyo ni uharibifu. Kwa anayeinyunyiza, ukuta usionyunyizwa ndio ulioharibika. UNESCO yenyewe ilipoikubali Kondoa mwaka 2006 ilitumia vigezo viwili, cha tatu na cha sita. Hicho cha sita kinahusu imani na mila zinazoishi. Kwa maneno mengine, yule mganga ni sehemu ya sababu ya Kondoa kuwa urithi wa dunia.

Sheria ya nchi ina mkazo mwingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda michoro ya miambani iliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Matokeo ya mpaka huo yanastahili kutafakariwa. Mchoro mweupe uliopakwa kwa kidole mwaka 1862 ni wa kale na unalindwa kwa tarehe yake. Mwenziwe wa mwaka 1864, uliopakwa na mjukuu wa mchoraji kwa sababu ileile, haulindwi na tarehe hiyo. Na tambiko, ambalo halina tarehe kwa sababu linarudiwa, haliingii katika tafsili hiyo popote. Jina la sheria limetangaza mapema: mambo ya kale. Kale ni wakati uliokatika. Kitu kinachofanywa mvua inapochelewa mwaka huu si cha kale.

Neno linaloshindana nalo siku hizi ni malikale. Limeundwa vizuri kwa kanuni za uambatishaji, ni fupi, na linatamkika. Lakini nusu yake ya kwanza ni mali, na Kondoa mali ina masikio. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana huko, na tangu hapo watu wameamini kwamba Mjerumani alificha dhahabu au rupia kabla ya kukimbia. Mashimo ya watafuta mali yamechimbwa chini ya miamba yenye michoro, yakavuruga tabaka za udongo ambazo mwanaakiolojia angezisoma. Kuweka kibao chenye neno malikale kando ya shimo la mtafuta mali ni kumthibitishia kwamba hakukosea mahali.

Kazi ya kutafsiri sheria kwa Kiswahili, iliyoamriwa na marekebisho ya mwaka 2021, mara nyingi hutazamwa kama kazi ya kutafuta visawe. Kwa sheria ya mikataba au ya ushahidi huenda ikawa hivyo. Kwa sheria inayohusu Mungumi wa Kolo haiwezi kuwa hivyo, kwa sababu asili yake ya Kiingereza haina neno la kile kinachofanyika pale, na mfasiri mwaminifu atalitafsiri pengo lile kuwa pengo. Afadhali awe na ukaidi kidogo. Kiswahili kinayo maneno ambayo Kiingereza cha mwaka 1964 hakikuyahitaji: tambiko, mzimu, mwenye mahali, mvua ya kuombwa. Hayo yaingizwe katika tafsili, na baada ya hapo Bunge ndilo litakalojadili kama yana nguvu gani. Kabla ya kufika hapo, mtu mwenye daftari inabidi akae na wazee wa Kirangi, wa Kisandawe, wa Kiburunge na wa Kialagwa, aandike wanaitaje miamba hiyo, kwa tahajia inayotunza irabu zao, na kwa ngeli wanazozitumia wenyewe. Hiyo si kazi ya fedha nyingi. Ni ya nauli, subira na misimu miwili mitatu ya mvua, kwa kuwa mambo mengine hayasemwi wakati wa kiangazi.

Kwa sasa liko jambo dogo la ofisini ambalo halihitaji kusubiri Bunge. Kila anayefika Kolo kwa ajili ya michoro huandikishwa katika daftari la wageni. Mtalii kutoka Ujerumani ni mgeni, na mwanafunzi kutoka Dodoma ni mgeni. Mzee aliyeshuka kutoka vilimani na mbuzi wake, kwa sababu mahindi yamenyauka, anapofika mbele ya meza hiyo si mgeni kwa maana yoyote ya neno hilo katika Kiswahili, na daftari halina safu nyingine ya kumwandika.